Goti si gololi: nilimkalisha mama miezi mitatu nikidhani namhurumia

#1 Fundi Spoku (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aende sokoni kwanza, atanikuta.

Mie ni fundi baiskeli, Ngamiani, mwaka wa 19 huu nashika spana. Kwa asiyeijua Tanga: huku baiskeli si mchezo wa watoto. Mwalimu anayo, mzee wa msikitini anayo, mama anayepeleka mboga Makorora anayo. Gololi nimefungua za kila aina, na ukiniuliza gololi inaliwa na nini nakujibu nimefumba macho: inaliwa na kuzunguka. Baiskeli ya bwana afisa, inayotoka Ijumaa hadi Ijumaa, gololi zake zinang'aa kama za jana. Ya mchukuzi wa mkaa ukiifungua unamwaga unga wa chuma.

Akili hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye goti la mama.

Bi mkubwa ana miaka 62. Tangu sijaanza shule anachoma vitumbua barazani. Kigoda kifupi, jiko chini, anainama, anainuka kuchota unga, anakaa tena. Mwaka jana baada ya Ramadhani goti la kulia likaanza. Akishuka ngazi mbili za baraza anashika ukuta. Asubuhi linakaza kama dakika kumi, akitembea tembea linalegea. Jioni linavimba kidogo. Mtaani wakampa jina lake: limesagika.

Mie nikasema basi, kilichosagika kisizungushwe. Nikamkataza vitumbua. Nikamnunulia kiti cha plastiki cha mikono, nikakiweka chini ya mwembe. Sokoni akawa anaenda mpwa wangu, maji ya kuoga anapelekewa. Majirani wakanisifu: huyu ndiye mtoto.

Mwezi wa kwanza maumivu yalipungua kweli, nikajiona daktari. Wa pili paja la kulia likawa jembamba, dera linaning'inia upande mmoja. Wa tatu kuinuka kitini mpaka avutwe mikono miwili, na uzito umeongezeka kilo 6. Goti likikaza asubuhi halilegei mapema kama zamani. Nikaita bajaji, tukaenda hospitali. Picha ya eksirei ikaonyesha nafasi kati ya mifupa imepungua, daktari akasema si ya kupasuliwa hiyo, akatuandikia chumba cha mazoezi tiba.

Humo tukamkuta dada mmoja mwembamba, sauti ya chini. Akalikunja goti, akalikunjua, akalishika paja. Akauliza, "Mama, nani alikwambia ukae?" Bi mkubwa bila huruma akaninyooshea kidole.

Basi akaniuliza nalijua dodoki. Nikasema nalijua. Akasema: "Dodoki lililoloa ukilikamua linatoa maji machafu, ukiliachia kwenye maji masafi linanyonya. Ndani ya goti, vichwa vya mifupa vimevikwa gegedu. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula chake kimo kwenye ute wa kiungo. Mama akikanyaga linakamuliwa, akiinua mguu linanyonya. Wewe umemkalisha miezi mitatu. Ulikuwa unalinyima chakula."

Nilitazama sakafu, wakuu. Miaka 19 nafundisha watoto wa mtaa kwamba kinachozunguka ndicho kinachoisha, kumbe nyumbani mwangu kuna kitu kinachoisha kwa kutozunguka.

Nauliza kwa wanaojua: kiasi ni kipi? Maana dada yule alisema pia kwamba kupita kiasi kunaliumiza. Na wengine mliopitia haya, tupeni.

#2 Mla Mhogo

Naweka kigoda hapa. Ila fundi, baiskeli yangu uliyoifunga wiki iliyopita bado inalia kwa-kwa-kwa. Au nayo ina gegedu?

#3 Bint Makorora

Pole kwa bi mkubwa. Mie mama yangu aliambiwa ute wa magoti umekauka. Tukawa tunamkatia bamia, tunaziloweka usiku kucha, asubuhi anakunywa yale maji. Wengine wanapika mlenda, wengine supu ya makongoro. Alipata nafuu. Bamia ina ute na goti linataka ute, mbona jambo liko wazi?

#4 Beki Mstaafu

Mie nina 46, nacheza veterani Jumapili asubuhi. Jumatatu naingia ofisini kwa kuchechemea, nashinda kitini hadi Ijumaa, Jumapili nakwenda tena. Mke wangu anasema niache mpira kabla sijawa mteja wa bakora. Huu uzi unaelekea kunipa hoja ya kumjibu, kwa hiyo nausoma kwa makini sana.

#5 Mkunja Goti

Niingie hapa, maana ndiyo kazi yangu. Mazoezi tiba nilisomea Moshi, nipo Tanga mwaka wa nane.

Dada aliyemhudumia mama yako amekwambia sawasawa, nami naongeza nyama. Gegedu la goti ni tabaka la milimita chache tu. Nyuma ya pia ya goti ndipo lilipo nene kuliko kote mwilini. Karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Maji hayo yanashikwa na wavu wa nyuzi za kolajeni pamoja na molekuli zinazopenda maji kupita kiasi, zinaitwa proteoglikani. Seli zake ni chache mno, zimetawanyika kama nyumba za manamba katikati ya shamba la mkonge, na hizo chache ndizo zinazotengeneza kila kitu. Hazina damu jirani wala mshipa wa fahamu. Ndiyo maana gegedu lenyewe haliumi, na ukianza kusikia maumivu ujue yanatoka kwa majirani: mfupa wa chini yake, ngozi ya ndani ya kiungo, misuli.

Sasa seli hizo zinajuaje kwamba kuna kazi? Kwa kubanwa na kuachiwa. Mgandamizo wa kuja na kuondoka, kama wa kutembea, unaziamsha zitengeneze hizo molekuli za kushika maji. Zisipobanwa kabisa zinalala. Zikibanwa moja kwa moja bila kuachiwa, nazo zinadhoofika. Watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo, gegedu lao la goti limepimwa na kukutwa linapungua unene, na hawakukimbia marathoni hata moja.

Ute nao, Bint Makorora. Goti zima la mtu mzima lina ute wa mililita chache tu, kijiko cha chai hakijai. Hautoki tumboni. Unatengenezwa na ngozi ya ndani ya kiungo chenyewe, kwa kuchuja damu na kuongeza vitu vyake. Bamia ukiinywa, utelezi wake unaishia kwenye utumbo kama mboga nyingine yoyote. Ni mboga nzuri, ina nyuzinyuzi, kuleni. Ila hakuna barabara ya utelezi wa bamia kutoka tumboni hadi gotini. Tena tazama kichekesho chenyewe: goti la namna ya bi mkubwa likivimba mara nyingi ute umezidi, haujapungua. Mtu goti limejaa maji anaambiwa maji yameisha, anauziwa unga wa bamia kwa elfu ishirini.

#6 Bint Makorora

Hayo makombora umeyatuma kwangu moja kwa moja! Sawa. Lakini mama yangu alipata nafuu, nilimwona kwa macho.

#7 Mkunja Goti

Nakuamini. Niambie kitu kimoja: bamia mlikuwa mnanunua wapi, na nani alikwenda?

#8 Bint Makorora

Soko la Mgandini. Alikuwa anakwenda mwenyewe kila asubuhi, anasema mie sijui kuchagua changa.

Ah. Nimeelewa. Kwa mguu, naam. Kwenda na kurudi.

#9 Mla Mhogo

Kesi imefungwa. Bamia ilitibu kwa kununuliwa.

#10 Mzee wa Hesabu

Msishangilie mapema. Siku mbili zote hapa ni mifano ya mama wa huyu na mama wa yule. Ushahidi wa watu wengi uko wapi? Zamani tuliambiwa tupumzike, na walioshauri walikuwa madaktari pia, si mafundi baiskeli.

#11 Mkunja Goti

Swali zuri, nilikuwa nalisubiri.

Ni kweli mapumziko ndiyo yalikuwa dawa. Tangu 1743 daktari William Hunter wa London aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na vizazi vikachukua hapo kwamba basi lisiguswe. Mtu aliyelipindua wazo hilo ni Robert Salter, daktari wa mifupa wa Toronto, Kanada. Kuanzia 1970 alifanya majaribio kwa sungura. Aliwatoboa matundu madogo kwenye gegedu la goti, kisha baadhi akawafunga hogo, baadhi akawaacha watembee kizimbani, baadhi akawaunganisha na mashine inayokunja na kukunjua goti polepole mchana na usiku. Waliokunjwa na mashine walipona vizuri kuliko wote. Waliofungwa hogo ndio walioishia pabaya, na viungo vikakakamaa. Tangu hapo mashine za namna hiyo zikaingia hospitalini kwa waliopasuliwa.

Sungura si mama, najua utasema. Haya, Sweden. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watu 45 wa umri wa miaka 35 hadi 50, wote walishawahi kukatwa kipande cha meniska, vile vimto viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyo ndani ya goti, kwa hiyo walikuwa njiani kuelekea kusagika. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifanya mazoezi ya wastani mara tatu kwa wiki kwa miezi minne, jingine likaendelea na maisha. Walipopimwa kwa MRI, ile mashine ya picha za ndani ya mwili, ya aina maalumu, gegedu la waliofanya mazoezi lilikuwa limeongeza zile molekuli za kushika maji. Kundi ni dogo, nakubali, na kilichopimwa ni ubora wa gegedu, si unene wake. Lakini kura ilipigwa, haikuwa suala la wenye magoti mazima kujichagulia mazoezi.

Na ukubwa wa tatizo: Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 528 waliokuwa na ugonjwa huu wa kusagika viungo mwaka 2019, na goti peke yake watu milioni 365. Wengi wamepita miaka 55, na wanawake ndio wengi.

#12 Beki Mstaafu

Na sisi wa mpira? Usiniruke.

#13 Mkunja Goti

Sikuruki. Kuna uchambuzi wa 2017 uliokusanya tafiti za watu zaidi ya laki moja kuhusu kukimbia na kusagika kwa goti na nyonga. Wanaokimbia kwa kujifurahisha: asilimia 3.5 walikuwa nao. Wasiokimbia kabisa, watu wa kitini: 10.2. Wakimbiaji wa mashindano makubwa: 13.3. Yaani pembe mbili za mwisho zinafanana, katikati ndiko kwenye amani. (Mzee wa Hesabu, naam, hapa wenye magoti mabovu huenda waliacha kukimbia wenyewe, kwa hiyo usiitundike ukutani. Inaelekeza tu.)

Shida yako wewe haiko kwenye mpira peke yake. Siku sita hulipi gegedu chochote, ya saba unalilipa dakika 90 za kugeuka ghafla, kuruka na kukwatuliwa. Kinachoharibu goti la mchezaji mara nyingi ni ajali: kano iliyokatika, meniska iliyochanika. Je, ulishawahi kuumia?

#14 Beki Mstaafu

2009, Mkwakwani. Goti lilipiga kelele jukwaa zima likasikia. Nilipumzika wiki tatu nikarudi uwanjani.

#15 Mkunja Goti

Wiki tatu. Nenda ukapimwe. Na katikati ya wiki panda baiskeli mara tatu, nusu saa. Fundi yupo hapa atakuuzia.

#16 Msambaa wa Mjini

Bibi yangu wa Soni alipanda na kushuka vilima na mzigo wa kuni kichwani maisha yake yote. Kwa hesabu zenu angekuwa na magoti ya chuma. Alikufa anatembea kwa bakora, magoti yote mawili yamepinda nje. Mnaposema kutembea ni chakula, mwambieni yeye.

#17 Mkunja Goti

Hili sitalijibu kwa haraka, kwa sababu uko sahihi. Kazi ya kubeba mizigo mizito, kupiga magoti na kuchuchumaa miaka na miaka inaongeza hatari ya kusagika. Wakata mkonge, waashi, wachukuzi wa bandarini, bibi zetu wa milimani. Ukitembea mahali tambarare goti linabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kushuka kunazidi hapo, ongeza na mzigo wa kuni. Ndiyo maana bi mkubwa wa fundi alianza kulisikia kwenye ngazi za baraza, akishuka.

Gegedu linataka kubanwa kisha liachiwe muda wa kunyonya. Kuna watafiti waliwapima watu kwa MRI: mtu akichuchumaa na kuinuka mara 30 mfululizo, gegedu la nyuma ya pia ya goti linapungua ujazo kwa karibu asilimia 6, na linachukua zaidi ya saa moja na nusu kurudi lilivyokuwa. Hilo si jeraha, ndiyo kazi yake. Bibi yako hakupewa hiyo saa moja na nusu. Alishuka, akapanda, akashuka, na kesho yake hivyo hivyo, tangu akiwa binti. Hakuwa na nafasi ya kuchagua, Mungu amrehemu.

#18 Msambaa wa Mjini

Amina. Hapo tumeelewana.

#19 Jirani wa Msikiti

Assalaam alaikum. Mie naulizia swala. Faradhi za siku ni rakaa 17, kila rakaa sujudu mbili, hiyo ni kwenda chini mara 34 bila sunna. Siku hizi msikitini kwetu viti vya plastiki vimekuwa safu nzima, hata kwa vijana wa miaka 40. Mwenye kushindwa ana ruhusa, hilo halina mjadala. Swali langu ni la goti: aliye na maumivu kidogo, akikimbilia kiti mapema, analisaidia au analidhuru?

#20 Mkunja Goti

Waalaikum salaam. Ruhusa waulizwe wenye elimu yake. Kwa upande wa goti: asiyeweza asijilazimishe, hasa likiwa limevimba. Aliye na maumivu ya kuvumilika, kukunja na kukunjua kwa upole mara kadhaa kwa siku ni miongoni mwa mambo machache yanayomfanya asipoteze mkunjo wa goti. Weka mkeka juu ya godoro jembamba, shuka kwa mikono kwanza, inuka kwa kushika kitu. Mkunjo ukipotea kuurudisha ni kazi ya miezi. Nimeona wazee wanaoweza kutembea hadi Chumbageni lakini hawawezi kukaa mkekani kula na wenzao.

#21 Mpwa wa Raskazone

Hamjaitaja bahari. Babu yangu hana habari na MRI, ila kila maji yakijaa anashuka Raskazone anatembea ndani ya maji, kiunoni, kwenda na kurudi, nusu saa. Anasema goti linasahau kwamba lina mwenyewe.

#22 Mkunja Goti

Babu ni mwalimu. Maji yakikufika kiunoni yanakubebea karibu nusu ya uzito wako, yakifika kifuani yanabeba zaidi. Goti linakunjwa na kukunjuliwa, dodoki linakamuliwa, na mzigo ni mdogo. Avae viatu tu, chini kuna mawe na miiba.

#23 Fundi Spoku

Wakuu, wiki tisa zimepita, nimerudi. Niliahidi, na kuna waliokuwa wananipigia kelele.

Yule dada alimpa mama mambo matatu. La kwanza, kaa kitini, nyoosha mguu mmoja, hesabu tano, shusha polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. La pili, kuinuka kitini bila kushika mikono. Ilibidi tuweke mto juu ya kiti kwanza ili pawe juu, alianza mara tatu tu akalia machozi, sasa anafika kumi na mto tumeutoa. La tatu, kutembea. Dakika nane kwenda na kurudi, kila wiki dakika mbili zaidi. Sharti la maumivu lilikuwa hivi: yakiwa ya kuvumilika wakati wa zoezi na kesho yake asubuhi goti liko kama kawaida, umelipatia. Ukiamka limevimba au limezidi, jana ulizidisha, punguza lakini usiache.

Bakora nayo tulikuwa tunaikosea. Goti bovu la kulia, mama anashika bakora mkono wa kulia. Dada akaihamishia kushoto, ikawa inakwenda mbele pamoja na mguu mbovu. Hatua ile ile ya kwanza akasema "hee!" Nilizunguka mtaani siku mbili nikiwaangalia wazee, karibu wote wanashika upande wa ugonjwa.

Sasa nifike kwenye langu. Dada alisema baiskeli inalikunja goti mara nyingi kwa mzigo mdogo kuliko kutembea. Nikamwambia mama yangu hajapanda baiskeli tangu enzi za Mwalimu, na sitaki aanzie barabara ya Taifa. Nikaenda kwenye chakavu zangu, nikatoa Phoenix moja ya kike, ile isiyo na bomba la juu. Stendi yake ni ya kuinua gurudumu la nyuma. Nikachomelea vyuma viwili vipana isiyumbe, nikatoa gurudumu la mbele, nikafunga uma kwenye ubao. Gololi mpya, grisi, cheni haikwaruzi. Nikaiweka chini ya mwembe palepale kilipokuwa kile kiti.

Siti ndiyo siri, na hili naweza kulisema mie kuliko daktari. Tanga nzima tunapanda baiskeli siti chini ili miguu yote ifike ardhini. Goti linapanda hadi kifuani na pia ya goti inabanwa kila mzunguko. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu uwe karibu umenyooka. Hapo ndipo urefu wake. Bi mkubwa alianza dakika tano, dera limefungwa kwa kanga, watoto wa mtaa wamejaa ukutani wanamuuliza anakwenda wapi. Anawajibu anakwenda Muheza kuchukua machungwa. Sasa anafika dakika ishirini, mara mbili kwa siku, na kila siku anawaambia leo kafika wapi. Juzi alikuwa Korogwe.

Kilo nne zimeshuka. Nilidhani ni kidogo, dada akanifanyia hesabu: kila kilo moja inayopungua mwilini, goti linapunguziwa karibu kilo nne kwa kila hatua. Kilo nne mara nne ni kilo kumi na sita kwa kila hatua, kisha uhesabu hatua za kwenda sokoni.

Goti halijawa jipya, nisiwadanganye. Picha ya eksirei haitabadilika, gegedu lililokwisha halioti tena kama nyasi. Linalia likikunjwa. Ngazi za baraza bado anashuka upande upande. Lakini anainuka mwenyewe, anaoga mwenyewe, na wiki iliyopita nilimkuta ananigombeza kwa sababu jiko lake nimelifungia stoo.

#24 Bint Makorora

Mashallah. Na dawa za maumivu je? Mama yangu anameza diklofenaki kama pipi, ananunua duka la dawa bila cheti.

#25 Mkunja Goti

Mpeleke kwa daktari, mwambie ukweli anameza ngapi. Zikimezwa muda mrefu bila usimamizi zinachoma tumbo, zinaumiza figo, na presha inapanda. Zipo za kupaka ambazo kwa goti zinasaidia na mwili mzima haubebi mzigo wote. Na chupa za asili zinazotuliza goti ndani ya siku moja zitilieni shaka, hamjui kilichochanganywa humo.

Na kabla uzi haujalala, wote mnaosoma: habari ya kutembea ni ya goti lililosagika. Goti lililowaka moto ghafla, jekundu, na homa juu yake, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata saa moja usisubiri. Mkakamao wa asubuhi unaopita saa nzima, tena viganja vyote viwili vimevimba, huenda ni baridi yabisi, ugonjwa mwingine kabisa wenye dawa zake. Dole gumba la mguu linalochoma usiku huenda ni gauti. Msitibiane hapa kwa picha za simu.

#26 Beki Mstaafu

Taarifa: nilipimwa. Meniska ina mchaniko wa zamani. Sijaacha mpira, nimehamia golini, na baiskeli mara tatu kwa wiki. Mke wangu anasema golini nimekuwa mbaya zaidi.

#27 Jirani wa Msikiti

Fundi, stendi ya namna hiyo unatengeneza kwa shilingi ngapi? Nina mama mkwe Duga.

#28 Fundi Spoku

Njoo na baiskeli yako, chuma nitatafuta, tutaelewana. Kwa mama mkwe sitakuumiza.

Jiko nimemrudishia. Ila kigoda nimekataa. Fundi seremala kanitengenezea kiti kirefu, jiko limepandishwa juu ya matofali, anachoma vitumbua amekaa kama karani wa benki. Siku tatu kwa wiki, na kila trei akiimaliza anainuka, anazunguka mwembe mara mbili. Hilo la kuzunguka mwembe si la hospitali, kalitunga mwenyewe.

#29 Mla Mhogo

Kitumbua bei gani siku hizi?

#30 Fundi Spoku

Mia mbili. Ukija njoo na ile baiskeli, nadhani ni ekseli imepinda. Na siti yako iko chini mno, nilikuona jana ukipita na magoti masikioni.